Kabla Hujanunua Pikipiki Kubwa

Ndugu mkulima, katika afisi yetu ya kilimo liko swali moja ambalo huulizwa karibu kila juma. Mtu huja kwa shughuli nyingine, pengine kuandikisha jina lake apate mbolea ya bei nafuu, au kuuliza chanjo ya ng'ombe itafika lini. Akimaliza huaga, hufika mlangoni, kisha hurudi. "Mwalimu," huniambia, "hii pikipiki yangu ya mia imeshindwa na milima. Waonaje, niiuze ninunue ya mia na hamsini?"

Huniita Mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu kabla sijawa karani, na jina hilo limenishika. Nami nimeona heri nilijibu swali hili hapa kwa kituo, maana mlangoni nafasi haitoshi. Baada ya shamba na ng'ombe, pikipiki ndiyo mali ya bei kubwa kuliko zote ambayo wengi wetu hununua. Tena wako waliouza ng'ombe wa maziwa ili wapate pikipiki ya kupelekea maziwa. Sifanyi mzaha. Mtu mmoja wa namna hiyo ni jirani yangu, na siku hizi pikipiki yake hubeba maziwa ya watu wengine.

MAZIWA YALIYORUDISHWA

Skimu yetu iko upande wa Ol Kalou, katika Nyandarua. Babu yangu alipata kipande chake mwaka wa 1964, katika ule mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka wa 1962, wa kununua mashamba ya walowezi na kuwagawia wananchi. Alitia kidole gumba kwenye deni la ardhi la miaka 30, na kwenye deni jingine la ng'ombe wa gredi. Maziwa yake yalikwenda barabarani kwa punda. Nyumbani walikuwa wakisema ya kuwa punda yule hakutaka petroli wala bima, ila alikuwa na siku zake za kukataa.

Sisi wajukuu tulipata pikipiki. Mwaka wa 2008 Serikali iliondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo, zile zisizofika 250 cc, na baada ya hapo zikaenea kila pembe ya nchi. Mimi nilinunua yangu ya kwanza mwaka wa 2016. Ilikuwa ya 100 cc, imekwisha kutumika miaka mitatu, nami niliipenda sana. Kila alfajiri nilipeleka kwenye kituo cha kupozea maziwa yetu na ya majirani wawili, mikebe miwili ya lita 40. Kutoka kwetu mpaka kituoni ni kilomita 12. Katikati upo mto, na kila upande wa mto upo mlima. Barabara ni ya murramu.

Miaka mitano ilipita salama. Kisha ikaja mvua ya Aprili mwaka wa 2021. Asubuhi moja pikipiki ilifika nusu ya mlima wa pili ikiwa kwenye gia ya kwanza, injini ikalia kama inayochinjwa, lakini gurudumu likasimama. Nikashuka nikasukuma. Nikapanda, ikasimama tena. Nikateremsha mkebe mmoja, nikaupeleka wa kwanza juu, nikarudi kuuchukua wa pili. Maziwa yaliyokamuliwa saa kumi na moja alfajiri yalifika kituoni saa nne kasoro robo, na katika mkebe mmoja mlikuwa na maziwa ya jioni ya jirani. Kijana wa kupima akatia alkoholi, maziwa yakagandamana mbele ya macho yangu. Lita zote 80 zikarudi nyumbani. Wewe mfugaji wajua: vijidudu vya maziwa havingojei mtu asukume pikipiki. Sehemu kubwa ya maziwa yale haikuwa yangu, nami niliyalipa kwa mshahara wangu.

Nilifika nyumbani nimeikasirikia pikipiki. Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, umewahi kuipeleka kwa fundi, au unaitukana tu?"

Nikamjibu ya kuwa fundi hawezi kuikuza injini. Hakusema neno jingine. Mwezi wa Juni nilichukua pikipiki mpya ya 150 kwa mkopo.

KILE KILIMA KINA PANDE MBILI

Siku za kwanza nilikuwa bwana. Mlima ulionishinda niliupanda kwa gia ya pili, mikebe imejaa, na sauti ya injini haikubadilika. Niliwapita vijana wa bodaboda, jambo ambalo halimpasi mtu wa umri wangu.

Lakini kabla ya kuupanda mlima ule sharti kwanza uteremke mpaka mtoni. Kwa ile ndogo nilikuwa nikifika kwenye mteremko kwa mwendo wa kilomita 30 au 40 kwa saa, maana haikuweza zaidi ikiwa na mzigo. Kwa miaka mitano mikono yangu ilikuwa imezoea mwendo huo: hapa ndipo pa kushika breki, pale ndipo pa kukata kona. Ile kubwa ilinifikisha mahali pale pale kwa kilomita 60 bila mimi kuhisi. Haikutetemeka, haikulia. Siku ya sita kulikuwa na manyunyu, murramu imelainika kama sabuni. Niliishika breki ya mbele kwa nguvu mahali pale nilipozoea. Gurudumu la mbele likateleza, nikalala chini, mkebe mmoja ukakatika kamba ukatangulia mtoni. Mtulinga wangu ulivunjika. Kofia ngumu ilipasuka upande mmoja, na laiti singekuwa nayo nadhani makala haya yangeandikwa na karani mwingine.

Sasa nivumilie nichukue chaki. Nguvu inayotakiwa ili kuisimamisha pikipiki haiongezeki sawa na mwendo. Huongezeka kwa mwendo ukizidishwa kwa wenyewe. Chukua 4 mara 4, utapata 16. Chukua 6 mara 6, utapata 36. Kwa hiyo aendaye kilomita 60 kwa saa huhitaji nafasi mara mbili na robo ya yule aendaye 40, breki zikiwa ni zile zile na barabara ile ile. Kwenye lami kavu, mwenye breki nzuri akiwa na mwendo wa 40 husimama kwa mita kama 12 tangu breki ishike, na akiwa na 60 huhitaji mita kama 27. Kwenye murramu yenye maji hesabu hizo zaweza kufika mara mbili. Na hapo sijatia zile mita anazokwenda kabla mkono haujaifikia breki, ambazo kwa mwendo wa 60 ni mita 16 au 17 kwa kila sekunde moja. Aidha mteremko nao unaisukuma pikipiki, na kilo mia za maziwa zimekukalia mgongoni.

Jambo ambalo muuzaji hatakuambia ni kwamba breki hazikui sawasawa na injini. Pikipiki nyingi za 150 tuzionazo huku zina breki za ngoma mbele na nyuma, kama dada zao wadogo. Ziko zenye breki ya sahani mbele. Ukiwa na uwezo chagua hiyo, na uangalie kwamba tairi zina meno ya kushika murramu, si zile laini za mjini.

Na uteremkaje? Punguza mwendo kabla hujaanza kuteremka, wakati bado uko mahali palipo sawa na umenyoka. Tia gia ya chini, ya pili au hata ya kwanza, uiache injini ikuzuie. Tumia breki zote mbili kidogo kidogo, usiibane ya mbele ghafula penye utelezi. Na ile tabia ya kutoa gia na kuiacha pikipiki iteremke yenyewe ili kuokoa petroli, ambayo vijana huiita kuweka "fri", iacheni kabisa. Hapo unakuwa umeitupa breki iliyo bora kuliko zote ulizo nazo, kwa ajili ya petroli isiyojaza hata kijiko.

FUNDI AIFUNGUA ILE NDOGO

Nilikaa majuma sita mkono umefungwa shingoni. Deni la pikipiki halikukaa, lilidai kila siku kwa simu. Nikaona afadhali niiuze ile ya 100. Alikuja mnunuzi mmoja, akaijaribu kwenye mlima, akarudi akitaja bei ya kuku. Mke wangu akasema basi angalau itengenezwe kabla ya kuuzwa, akamwita fundi kutoka sokoni.

Fundi aliifungua chini ya mti, nami nikiangalia. Kwanza alitoa chujio la hewa. Aliligonga kwenye jiwe, vumbi jekundu likamwagika. Mtu hawezi kupanda mlima amezibwa pua, na injini ni hivyo hivyo. Plagi ilikuwa nyeusi kwa masizi, dalili ya kwamba petroli ilikuwa nyingi na hewa chache. Breki ya nyuma ilikuwa imekaza, gurudumu halizunguki kwa mkono ila kwa shida, kwa hiyo siku zote nilikuwa nikipanda mlima huku nimeshika breki. Mwisho alifungua klachi, akanionyesha visahani vilivyolika vikawa vyembamba. "Hapa ndipo nguvu zako zilipokuwa zikiishia," akaniambia. "Injini ililia lakini gurudumu halikusikia." Nikakumbuka asubuhi ile ya Aprili.

Kazi yote pamoja na vipuri haikufika shilingi 5,000. Ndugu yangu mdogo akajaza maji mikebe miwili, akaifunga, akaupanda mlima kwa gia ya kwanza bila kutia mguu chini. Mke wangu alikuwa amesimama akitazama. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko mtulinga.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu ambayo ilinipasa niipige kabla ya Juni. Pikipiki ilikuwa na uzito wa kilo 110 hivi, mimi 70, na mikebe iliyojaa karibu 100, maana lita moja ya maziwa hupita kilo moja kidogo na mkebe una uzito wake. Jumla ni kilo 280. Kuupandisha uzito huo mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 10, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, huhitaji nguvu za farasi 3 hivi. Kwa mwendo wa 40 huhitaji kama 6.

Je, pikipiki zetu zina nguvu ngapi? Tuchukue Boxer ya Bajaj, ambayo kila mtu anaijua. Ile ya 100 ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 8 hivi, na ile iitwayo 150, ambayo kwa kipimo hasa ni 145 cc tu, ilikuwa na 12 hivi. Lakini hizo ni nguvu za chini, karibu na usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu hewa huwa nyepesi, na injini za namna hii hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Ol Kalou iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Kwa hiyo hapa kwetu ile ya 8 hubaki na 6 na kitu, na ile ya 12 hubaki na 9 na kitu. Tukinunua ya 150 katika Nyandarua, tumenunua nguvu zinazopita kidogo tu zile ambazo mtu wa Mombasa anazipata katika ya 100. Sisi wa milimani tuna haki ya kulalamika.

Hata hivyo angalia zile 6. Ikiwa nzima, pikipiki ya 100 ina nguvu mara mbili ya zinazotakiwa kuyapandisha maziwa yangu kwa mwendo wa kilomita 20. Ikishindwa kabisa, basi ni mgonjwa. Kununua kubwa ili kuponya ndogo ni sawa na kununua ng'ombe wa pili kwa sababu wa kwanza hakulishwa.

JINSI YA KUJUA IKIWA NI MGONJWA

Inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono. Likisimama mara moja, breki imekaza au mnyororo umevutwa mno. Mnyororo sharti ucheze juu na chini kama upana wa vidole viwili. Toa chujio la hewa ulitazame. Wakati wa kiangazi, kwa murramu yetu, lisafishwe kila juma. Toa plagi: rangi ya kahawia ni afya, masizi meusi makavu ni ukosefu wa hewa, na mafuta ya majimaji pamoja na moshi wa buluu ni ringi za pistoni zilizokwisha. Injini ikipaaza sauti bila mwendo kuongezeka, hiyo ni klachi. Na upepo wa tairi upimwe kwa kipimo, si kwa teke.

Jambo la ringi ndilo peke yake kati ya hayo ambalo laweza kukufanya ufikirie kuiuza. Mengine ni ya fundi wa asubuhi moja.

Iko na njia nyingine ya kupata nguvu ya kupanda, ambayo wachache huijua. Gurudumu dogo la meno lililo mbele, ambalo mafundi huliita sproketi, na lile kubwa la nyuma ndiyo mizani ya nguvu na mwendo. Tuseme la mbele lina meno 14 na la nyuma 42. La mbele huzunguka mara 3 ili la nyuma lizunguke mara 1. Ukitia la mbele la meno 13, litazunguka mara 3.23. Umejiongezea nguvu ya kuvuta kama sehemu 8 katika 100, na umepoteza mwendo karibu kiasi hicho hicho. Gharama yake ni ya sproketi moja na nusu saa ya fundi. Kwa mtu ambaye kazi yake yote ni mlima na mikebe, na haendi mjini mbio, hiyo ni biashara nzuri. Ila tia vyote vipya pamoja, sproketi zote mbili na mnyororo, maana kipya juu ya kikuukuu hulika upesi.

NANI ANASTAHILI YA 150?

Wapo wanaostahili, wala sitaki useme kwamba Mwalimu ameikataza. Ikiwa kila siku unabeba mtu mzima pamoja na mzigo, ikiwa njia yako ndefu ni ya lami na malori yanakukimbiza nyuma, au ikiwa pikipiki yako ni nzima na fundi ameishuhudia lakini bado unaipanda milima kwa gia ya kwanza saa nzima injini ikichemka, hapo nguvu zaidi ni haki. Injini ndogo inayosukumwa mpaka mwisho kila siku hufa mapema.

Lakini usidhani ya kuwa injini ikiongezeka nusu, mzigo nao waweza kuongezeka nusu. Tazama kitabu kilichokuja na pikipiki, kimetaja uzito wa mwisho, dereva akiwamo. Mikebe miwili ya lita 40 pamoja na mtu mzima ni mwisho kabisa, na kwa pikipiki nyingine ni kupita. Spoki, fremu na tairi la nyuma havijui habari za injini. Nimeona pikipiki mpya ya 150 imekatika spoki tisa kwa magunia mawili ya viazi, na viazi ni vya kupanda, vimesambaa barabarani vikichaguliwa na watoto.

FEDHA

Hapa nitasema wazi, kwa maana ndipo mashamba yanapopotea. Piga hesabu ya bei yote, usipige ya siku moja. Nitatoa mfano tu, nawe utie tarakimu za muuzaji wako. Tuseme bei ya fedha taslimu ni shilingi 160,000. Anakuambia ulete 30,000, kisha ulipe 400 kila siku kwa siku 540. Mia nne hazitishi mtu. Lakini 400 mara 540 ni 216,000, na ukitia zile za kwanza ni 246,000. Umelipa 86,000 juu ya bei. Tena siku ambazo ng'ombe amekauka, au viazi vimeshuka bei sokoni, zile mia nne hazikauki wala hazishuki.

Kisha petroli. Ile yangu ya 100 ilikwenda kilomita 50 kwa lita nikiwa na mzigo, na ile ya 150 huenda 38. Njia yangu ya maziwa, kwenda na kurudi, ni kilomita 24. Tofauti kwa mwezi ni lita 4 na nusu hivi. Zidisha kwa bei inayotangazwa kila tarehe 14, kisha ugawanye kwa bei unayolipwa wewe kwa lita ya maziwa. Nilipopiga hesabu hiyo mimi, kila lita ya petroli ilikuwa ikinila zaidi ya lita tatu za maziwa.

Ukiona ya kuwa hesabu inakubali, nunua kwa mapato ya maziwa, nenda kwanza kwenye chama chenu cha akiba na mkopo uulize riba yao, na usiweke hati ya shamba rehani kwa ajili ya kitu kitakachokuwa chuma chakavu baada ya miaka kumi. Babu zetu waliweka kidole kwenye deni ili kuipata ardhi. Ni ajabu kuirudisha ardhi kwenye deni ili kupata pikipiki.

Na ukiuza ile ya kwanza, hamisha jina siku ile ile, hata kama mnunuzi ni mtoto wa shangazi yako. Likitokea ajali au wizi, jina lililoandikwa ndilo litafutwalo. Bima ya kumlinda mtu mwingine ni lazima kwa sheria, iwe pikipiki ni ndogo au kubwa. Leseni ya daraja la A2 yakutosha kwa pikipiki yako mwenyewe, lakini ukichukua abiria kwa malipo yakupasa kuwa na A3. Kofia ngumu na koti lenye kung'aa ni kwa dereva na abiria wake pia, na abiria ni mmoja tu. Sheria haitofautishi mwenye 100 na mwenye 150, kwa hiyo hapana mtu atakayekupima kabla hujaipanda ile kubwa. Jipime mwenyewe. Majuma mawili ya kwanza iendeshe bila mzigo, ujifunze kusimama mahali tambarare pasipo watu. Siku hizo injini mpya pia inahitaji upole. Badilisha mafuta yake ya kwanza mapema, katika kilomita 500 hivi, kama kitabu chake kitakavyosema. Mimi niliifunga mikebe siku ya pili.

Watu huniuliza niliifanyia nini ile ndogo mwishowe. Sikuiuza. Mke wangu alipoijaribu ile kubwa, vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa chini, akaniambia huyo ni ng'ombe wa mtu mwingine. Akajifunza kwa ile ya 100, na mwaka wa 2022 akapata leseni yake. Yeye ndiye apelekaye maziwa sasa, mkebe mmoja wa lita 40 na mmoja wa 20. Mimi hutumia ya 150 kwenda kazini na kumpeleka Bwana Shamba kwa wakulima walio ng'ambo ya mto, na kwa kazi hiyo, watu wazima wawili na vifaa vyake, inafaa kweli. Deni lake nililimaliza mwaka ule ule.

Analo daftari la shule ambamo huandika kila kitu. Jana jioni nililifungua nipate tarakimu za makala haya. Mwezi uliopita: petroli lita 14 na nusu, maziwa yaliyokataliwa hakuna. Chini yake ameandika kwa kalamu nyekundu, kana kwamba yeye ndiye mwalimu: chujio la hewa, Jumamosi.